Soketi na Redio ya Pakiti: Utangulizi kwa Anayeanza

Ukiwa Kirotshe, mashariki mwa Kongo, au popote kati ya Masisi na Walikale, huenda umeshasikia watu kwenye foni, yaani redio ya sauti: mmoja anasema, anaachia, mwenzake anajibu; wakisema pamoja, hakuna anayesikika. Basi msingi wa somo hili unao tayari. Redio ya pakiti hufuata nidhamu hiyohiyo, ila kinachopita hewani ni maandishi.

Kompyuta huukata ujumbe vipande. Kila kipande, yaani pakiti, hubeba anwani ya anayetuma na ya anayepokea, pamoja na tarakimu za kukagua kama kimefika kizima. Kanuni za mazungumzo hayo huitwa itifaki. Wanaredio wa ridhaa, wanaorusha mawimbi kwa kujifunza bila kutafuta faida, hutumia itifaki ya AX.25, ambayo toleo lake la pili lilichapishwa Marekani mwaka 1984. Haikubaki huko: mwanzoni mwa miaka ya 1990 mtandao wa HealthNet ulisafirisha barua za madaktari wa Afrika Mashariki kwa setilaiti ndogo zilizotumia AX.25.

Sasa soketi. Huu ni mlango ambao programu yako hupitishia data. Kazi ya nyuma yake hufanywa na kerneli, sehemu ya mfumo endeshi wa Linux inayosimamia vifaa. Unaufungua kwa amri ya socket ukitaja AF_AX25, unajitambulisha kwa bind, unamwita mwenzako kwa connect. Aliyewahi kuandika programu ya intaneti atazitambua amri zote. Kinachobadilika ni anwani: hapa ni alama ya mwito, ambayo kwa Kongo huanza na 9Q, ikifuatwa na namba kati ya 0 na 15 ya kutofautisha vituo vya mwenye alama mmoja.

Utakapochungulia pakiti ghafi hutaziona herufi za anwani, na hapo wengi hudhani wameharibu. Hujaharibu: kila herufi imesogezwa biti moja kushoto, ili biti inayobaki ioneshe anwani zinapoishia.

Jambo ninalokusihi ulizingatie ni mwendo. Kwa biti 1200 kwa sekunde, data ya baiti 256 huchukua karibu sekunde 1.7, bila kuhesabu anwani. Mawimbi ya VHF, ambayo kwa kawaida hubeba data ya mwendo huo, hayapenyi milima ya Masisi, hivyo panahitajika kituo cha kupokezana kileleni. Nacho kikirudia pakiti kwenye masafa yaleyale, muda huongezeka maradufu. Programu isiyojua kusubiri hurusha tena kabla jibu halijafika, ikaziba njia ya wote.

Kurusha kunahitaji kibali, na kanuni za kimataifa haziruhusu wanaredio wa ridhaa wa nchi tofauti kuficha maana ya ujumbe wanaorushiana, kwa hiyo siri za wagonjwa zisipite humo. Wewe anza bila redio: programu mbili katika kompyuta moja, zikiunganishwa kwa KISS, itifaki nyepesi kati ya kompyuta na modemu (kifaa kinachogeuza data kuwa sauti ya redio), na kila programu ipewe alama yake.