Unyanyasaji wa Kijinsia Kazini: Sheria za Mataifa na Dhamiri ya Mwajiri Mkristo

Kila Jumatatu ya juma la tano la Kwaresima, Mama Kanisa hutusomea habari ya Susana kutoka sura ya 13 ya Kitabu cha Nabii Danieli. Wazee wawili waliokuwa waamuzi walimtaka kwa tamaa. Alipowakatalia, walimsingizia uzinzi, na kusanyiko likawasadiki kwa sababu ya cheo chao. Ndipo kijana Danieli alipowatenga mashahidi hao, akamhoji kila mmoja peke yake, na uongo wao ukafichuka. Habari hii ya kale inaonesha kiini cha unyanyasaji wa kijinsia kazini: mwenye mamlaka huyatumia kumdai mtu mwili wake, kisha cheo hichohicho kikawa ngao yake.

Je, sheria zinasemaje? Nchini Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 6, inahesabu kuwa ni unyanyasaji kumwomba mwajiriwa ngono kwa ahadi ya upendeleo au kwa tishio. Inataja pia maneno, maandishi, picha na mguso wenye maana ya kingono usiotakiwa na mhusika. Nchini Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji wa mwajiriwa kuwa aina ya ubaguzi. Aidha, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inamfanya kuwa mhalifu mwenye mamlaka anayedai ngono ili kutoa ajira au kupandisha cheo. Hii ndiyo tunayoiita rushwa ya ngono.

Kwa ngazi ya kimataifa, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 mwezi Juni 2019, ukaanza kutumika tarehe 25 Juni 2021. Uganda na Rwanda ziliuridhia mwaka 2023. Mkataba huu unawalinda pia wanagenzi, watu wa kujitolea na wanaotafuta kazi, katika sekta rasmi na isiyo rasmi. Unatambua kwamba kazi haiishii mlangoni mwa ofisi: safari za kikazi, makazi yanayotolewa na mwajiri na mawasiliano ya kielektroniki vyote vimo. Jambo hili ni la msingi katika nyakati zetu. Popote penye mtandao wa simu, mkono wa msimamizi hufika. Ujumbe wa aibu anaomtumia binti saa nne za usiku, akiwa chumbani kwake, ni tendo la kazini, kwa maana anayeutuma ndiye atakayepanga zamu zake kesho asubuhi.

Hata hivyo, sheria nyingi huacha pengo. Kenya inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi. Sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inadai hatua hizo kwa mwenye zaidi ya 25. India, kwa sheria yake ya mwaka 2013, inadai kamati ya ndani inayoongozwa na mwanamke palipo na wafanyakazi 10 au zaidi, lakini imeweka pia kamati za wilaya kwa ajili ya wengine, wakiwemo wafanyakazi wa nyumbani. Uingereza, tangu Oktoba 2024, inamtaka kila mwajiri, awe mkubwa au mdogo, achukue hatua za kuzuia kabla madhara hayajatokea.

Sasa tujiulize: waamini wengi wa parokia zetu huajiri watu wangapi? Mmoja dukani, wawili shambani, msichana mmoja wa kazi nyumbani. Hao hawafikii hesabu ya kudai sera, ingawa katazo la unyanyasaji linawahusu nao. Mbele ya Mungu, utu wao haupimwi kwa idadi.

Kanisa nalo limejiwekea wajibu. Barua ya Kitume ya Papa Fransisko, Vos estis lux mundi, ya mwaka 2019 na iliyohuishwa mwaka 2023, inazihusu pia kesi za kumlazimisha mtu mzima kwa matumizi mabaya ya mamlaka, na inataka majimbo yawe na mahali pa kupokea taarifa.

Basi, kila mwajiri na amwambie mfanyakazi wake, tangu siku ya kwanza, ni nani mwingine anayeweza kumwendea akidhulumiwa, hata kama mdhulumu ni mwenye nyumba. Anayenyanyaswa asifute jumbe alizotumiwa. Azihifadhi pamoja na tarehe zake, maana ni ushahidi. Anayepokea malalamiko atunze siri, asitangulize cheo cha mtu wala kumhukumu yeyote kabla ya kusikiliza, bali aulize kama alivyouliza Danieli, kila mmoja kwa nafasi yake, mpaka ukweli ujulikane.