Mboga Ziandikwe Kama Dawa

Mama mjamzito akifika kliniki mtaani Kariobangi, jijini Nairobi, hupimwa damu. Hemoglobini ikiwa chini ya gramu 11 kwa desilita, ana upungufu wa damu: hupewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, kisha huambiwa ale mboga za majani, maharagwe na matunda. Vidonge hutolewa dirishani. Chakula huishia kwenye maneno. Anayenunua sukuma wiki ya leo kwa kibarua cha leo, huku kodi ya nyumba ikimsubiri, hajakosa mafunzo ya lishe. Amekosa hela. Kwa hiyo nasema mwenye mimba hatarishi aandikiwe chakula chake kama dawa: vocha ya kila wiki kwenye simu, ya managu, terere, kunde, machungwa na omena, akachukue kwa mama mboga wa mtaani.

Kenya si mgeni wa jambo hili. AMPATH, mpango ulioanzia Eldoret mwaka 2001 kuhudumia wenye virusi vya ukimwi, uliona kwamba dawa na njaa havipatani, ukawa unalima na kuwaandikia wagonjwa chakula. Kwa wajawazito, ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa mitaa ya mabanda ya Mumbai. Kuanzia 2006, wanawake zaidi ya 6,000 waligawanywa kwa kura: wengine wakala kila siku kitafunio cha mboga za majani, matunda na maziwa, wengine cha viazi na vitunguu. Kisukari cha mimba kilikuwa asilimia 7.3 kwa wale, 12.4 kwa hawa. Uzito wa watoto, kwa jumla, haukubadilika. Uliongezeka pale mama alipoanza kula miezi 3 au zaidi kabla ya kushika mimba. Basi tusiahidi watoto wanono kwa vocha inayotolewa mwezi wa sita wa mimba. Ianze hudhurio la kwanza, na isikatwe akishajifungua, maana huenda mimba nyingine iko njiani.

Mbona asipewe pesa tu? Hoja nzito, lakini pesa hukutana na kodi mlangoni. Atagawana na watoto? Bila shaka, sufuria ni moja. Vocha ikadiriwe kwa idadi ya walaji. Vidonge navyo vibaki, kwani chuma cha mboga huingia mwilini kidogo, na chai ya kushushia ugali hukipunguza zaidi. Pingamizi linalonisumbua ni la mboga zinazomwagiliwa maji taka jijini. Kaunti ikilipia vocha, itakuwa na haki ya kumuuliza muuzaji shamba liko wapi.