Hita ya Maji Inapovuja, Tazama Valvu Kwanza

Juni na Julai, asubuhi zinapokuwa na ubaridi, wenye gesti na nyumba za zamani mjini Sengerema huwasha hita za maji zilizokaa kimya miezi kadhaa. Hapo ndipo simu za mafundi huanza kulia: hita inavuja. Anayepiga huwa ameshahukumu kwamba tangi limeoza. Mara nyingi tangi linasingiziwa.

Kata umeme kwenye breka, usiishie kwenye swichi ya ukutani. Maji yakifika kwenye ncha za koili na waya wa ethi ukawa umekatika, anayeoga ndiye atakayepigwa shoti. Kisha futa hita na mabomba kwa kitambaa kikavu, uzungushie karatasi ya chooni kila kiungo, usubiri nusu saa. Usiamini mahali tone linapodondokea. Kati ya tangi na ganda la nje kuna povu la kuzuia joto, na maji huteremka humo kimyakimya mpaka yapate tundu la chini kabisa. Karatasi itakayolowa kwanza ndiyo shahidi wako. Kumbuka pia kwamba bomba la maji baridi katika bafu lililojaa mvuke hutoa jasho, na jasho hilo limeshauzia watu hita mpya.

Karatasi ya kwenye valvu ya usalama ndiyo hulowa mara nyingi kuliko nyingine. Valvu hii ni ile ndogo ya shaba iliyofungwa kwenye bomba la maji baridi, yenye kijipua pembeni. Maji yakipashwa hutanuka: lita 80 zikipanda kutoka nyuzi 22 hadi 65 huongezeka kwa karibu lita moja na nusu. Hita nyingi zina nonritani, valvu inayozuia maji yasirudi yalikotoka, kwa hiyo nyongeza hiyo haina pa kwenda. Presha hupanda haraka, na ikifika kiwango kilichopangwa, ambacho kwa hita nyingi za nyumbani ni kati ya bar 6 na 8, valvu hudondosha. Kudondosha wakati maji yanapashwa, kisha kuacha, ndiyo kazi yake. Hakuna cha kutengeneza hapo zaidi ya kuweka bomba la kupeleka matone nje.

Ikidondosha hata umeme ukiwa umekatwa, kuna mambo mawili ya kuchunguza. Huenda mchanga au kutu imekaa kwenye kiti chake. Inua mkono wake mara mbili tatu maji yatoke kwa nguvu, na kama haikomi, badilisha valvu. Au presha ya bomba la mtaa imezidi, hasa usiku watu wanapokuwa wamefunga koki. Funga geji ya presha kwenye koki ya uani ujionee. Nyumba inayopata maji kutoka simtank haina tatizo hilo: tangi lililo mita 5 juu ya hita linaleta nusu bar tu.

Asilani usizibe kijipua hicho. Nimekuta kimezibwa kwa plagi, kwa kijiti, hata kwa mfuko wa nailoni uliofungwa na mpira. Kwenye mwinuko wa Ziwa Victoria, mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji ya kwenye sufuria huchemka takriban nyuzi 96. Yakifungiwa kwa presha ya bar 6 hayachemki mpaka yakaribie nyuzi 165. Themostati ikishindwa kukata na tangi likapasuka, sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo, na kila lita inayogeuka hutoa zaidi ya lita 1,600 za mvuke. Denis Papin, Mfaransa aliyeonyesha sufuria yake ya presha London mnamo 1679, aliona mapema kwamba chombo cha namna hiyo kinahitaji valvu ya kupumulia.

Valvu ikiwa salama, geukia gasketi ya koili chini ya tangi. Raba huzeeka na kukakamaa; ni kitu cha bei ndogo, na ukiifungua badilisha pamoja na fimbo ya magnesiamu iliyo karibu na koili. Fimbo hiyo imewekwa iliwe na kutu badala ya tangi. Maji ya ziwa, ambayo mji huyapata kutoka Nyamazugo, ni laini: sabuni hutoa povu upesi, na ukoko mweupe unaotandaza kinga ndani ya chuma ni haba. Fimbo ikiisha, kutu huhamia penye ufa wowote wa enameli. Wanaotumia visima virefu vya maji magumu wana shida tofauti, ukoko unaofunika koili hadi ipasuke. Kwa hiyo fundi asiyeuliza maji yanatoka wapi huwa namtilia shaka. Vilevile asiyeona ubaya wa kuunga bomba la PVC la maji baridi kwenye tundu la maji moto. Plastiki ile hulegea kwenye joto, na kiungo huachia.

Ukishapima yote hayo, na bado maji yenye rangi ya kutu yanachuruzika kutoka ndani ya ganda, basi kweli tangi limetoboka. Usilipeleke kwa mchomeleaji. Moto huunguza enameli pembeni ya kiraka, na tundu jipya huja hapohapo. Toa koili na themostati kama bado ni nzima, uza chuma chakavu, nunua hita nyingine. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 safari ya kwenda madukani Mwanza haisubiri kivuko tena, kwa hiyo chukua na fimbo ya akiba siku hiyohiyo, uipime urefu dukani ilingane na ya hita yako.