Kiamhari kwa Msemaji wa Kiswahili

Aghalabu mwanafunzi wa Afrika Mashariki afunguapo kitabu cha Kiamhari kwa mara ya kwanza, hukifunga upesi. Kinachomtisha ni maandishi. Alama 231, zisizofanana na herufi za Kilatini wala za Kiarabu, humfanya aamini kwamba lugha hii ya jirani iko mbali naye kuliko Kifaransa. Lakini sarufi mashuhuri za Kiamhari, kama ya Marcel Cohen (1936) na ya Wolf Leslau (1995), ziliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Msemaji wa Kiswahili ana kipimo chake mwenyewe, na kwa kipimo hicho mengi yanayohesabiwa kuwa magumu ni mepesi.

Kwanza, maandishi yenyewe. Fideli, kama yaitwavyo, ni jedwali la konsonanti 33, kila moja ikiwa na maumbo saba kwa irabu saba. Irabu tano kati ya hizo ni zile zile za Kiswahili: ባ, ቤ, ቢ, ቦ, ቡ si kitu kingine ila ba, be, bi, bo, bu iliyoimbwa katika darasa la kwanza. Ngeni ni mbili tu, ä na ə, na umbo la ə hutumika pia pale konsonanti isipofuatwa na irabu. Aidha, kwa kawaida alama ya irabu hurudi pale pale: kijistari cha u hukaa ubavuni kulia, katika ቡ, ሉ na ሙ. Zaidi ya hayo, baadhi ya herufi hushiriki sauti moja.

Pili, kitenzi. Mzungumzaji anayejua la, liwa na lisha hatashangazwa na bälla ‘alikula’, täbälla ‘kililiwa’ na abälla ‘alilisha’. Tofauti ni kwamba Kiswahili hunyambua mwishoni mwa mzizi, ilhali hapa Kiamhari hunyambua mwanzoni. Vilevile, sentensi nzima huweza kuwa neno moja. Alayyähutəm ni ‘sikumwona’: al- hukanusha, -hu- ni mtenda, -t ni mtendwa, na -əm hukamilisha ukanushi. Kukanusha kwa kuligusa neno mwanzo na mwisho si jambo geni kwa asemaye ‘sisomi’.

Tatu, msamiati. Kiamhari ni lugha ya Kisemiti, jamaa ya Kiarabu kilichokikopesha Kiswahili maneno mengi. Kwa hiyo säbatt ni saba, arba ni arobaini, amsa ni hamsini, na sälam haihitaji mkalimani. Mäshaf ‘kitabu’ humkumbusha msomaji msahafu. Na wanazuoni wengi hushikilia kwamba neno hilo la Kiarabu lilitoka Uhabeshi. Hata saa huhesabiwa kwa namna moja: Mhabeshi na Mswahili wote wawili huanza saa za mchana kulipopambazuka, na saa moja asubuhi ya Addis Ababa ni saa moja asubuhi ya Mombasa.

Haifai, hata hivyo, kumdanganya mwanafunzi. Kitenzi cha Kiamhari hukaa mwishoni mwa sentensi. ‘Wewe’ wa mwanamume si ‘wewe’ wa mwanamke. Na zipo konsonanti zinazotamkwa kwa kufunga koo na kuachia sauti kwa kishindo. Gumu kuliko yote ni konsonanti nzito, kwani maandishi hayaionyeshi. Alä ‘alisema’ na allä ‘yupo’ huandikwa sawasawa: አለ. Hapo jicho halisaidii, ila sikio. Basi juhudi ambayo wengi huimaliza katika kuogopa fideli ingefaa iwekwe katika kusikiliza.

Jambo hili lina uzito. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliundwa Addis Ababa mwaka 1963, na mrithi wake, Umoja wa Afrika, ambao makao yake makuu yako mji huo huo, ulikubali Kiswahili kiwe lugha yake ya kazi mwaka 2022. Kiamhari nacho ni lugha ya kazi ya serikali ya shirikisho ya Ethiopia kwa katiba ya 1995. Majirani wenye lugha kubwa kama hizi wakizidi kusalimiana kwa Kiingereza, sababu haitakuwa ugumu wa Kiamhari. Itakuwa ni kitabu kilichofungwa kabla ya ukurasa wa pili.