Kinga ya umeme Bukavu: breki kwanza, nguvu nyuma

Mtu anayetoka Uvira anapofika Bukavu anajiuliza kinga ziko wapi. Kule bondeni, kuanzia Sange na Luvungi mpaka Kamanyola, kinga inabeba makala, mchele, mihogo, mama mgonjwa, kila kitu. Hapa kwetu ni pikipiki na miguu. Sababu si kiburi, ni milima. Ziwa Kivu liko mita 1,460 juu ya bahari, na mitaa ya juu ya mji inapita mita 1,600. Mutu anateremka asubuhi akicheka, halafu magaribi analipa kila mita kwa jasho.

Njo maana habari ya kinga ya umeme inapendeza masikio. Ngambo ya Ruzizi, kule Kigali, kampuni ya Ampersand ilianza kutembeza pikipiki za umeme mwaka wa 2019: dereva anafika kwenye kituo, anatoa batri iliyokwisha, anawekewa nyingine iliyojaa. Nairobi na Kampala pia wako kwenye njia hiyo. Hapa kinga za umeme ziko chache bado, lakini vijana wanauliza, na wafundi wameanza kuzifungua ili kuona ndani kuna nini.

Wandugu, tuseme ukweli mbele ya kutoa dola. Kinga nyepesi ya umeme, ile ya kilo 20 hivi, ilichorwa kwa ajili ya watu wengine. Katika Umoja wa Ulaya, ili ihesabiwe kuwa kinga ya kawaida, mota yake haipaswi kupita wati 250, na inaacha kusaidia ikifika kilomita 25 kwa saa. Ni chombo cha mtu mmoja na sakoshi yake, kwenye lami safi. Ukikileta Kadutu namna kilivyo, kitakuchosha ao kitakuumiza. Inabidi kukirekebisha, na kurekebisha kuko na utaratibu wake.

Mimi ni mtu wa sendika ya migodi. Shimoni tuko na sheria moja ambayo kila mchimbaji anaijua: hauongezi urefu wa shimo mbele ya kuongeza miti ya kulishikilia. Vijana wengi wakipata kinga ya umeme wanaanza kutafuta mota kubwa. Huko ni kuchimba bila miti.

Hesabu ya mlima

Kwenye batri kunaandikwa namba mbili, volti na ampere-saa. Zizidishe pamoja. Batri ya volti 36 na ampere-saa 10 inabeba wati-saa 360. Huo njo mfuko wako wa siku.

Tuseme mtu pamoja na kinga yake ni kilo 95, na anapanda mita 150, yaani kutoka ziwani mpaka mitaa ya juu. Kama mota inafanya kazi peke yake, na ukihesabu nguvu inayopotea kwa joto, mlima huo utakula karibu wati-saa 55. Atapanda mara 6 na batri inaisha. Akiongeza mfuko wa kilo 50, kila safari inakula karibu wati-saa 85, na batri inaishia kwenye safari ya 4. Akisaidia kwa miguu, ataongeza safari. Kila mtu afanye hesabu yake kwa mlima wake na mzigo wake, maana muuzaji atasema tu kilomita, na kilomita zake ni za mahali tambarare.

Breki

Kupanda kunachosha, lakini kuteremka njo kunaua. Tuchukue barabara ya Ngomo: mpaka ufike Kamanyola unateremka zaidi ya mita 500. Kama mtu, kinga na mzigo ni kilo 150, joto linalotoka katika kuteremka kule linatosha kuchemsha lita 2 za maji. Upepo unachukua sehemu, lakini sehemu kubwa inaingia kwenye breki mbili ndogo.

Kwa hiyo pesa ya kwanza iende hapo. Breki za mpira zinazobana janti zibadilishwe, ziwekwe za diski, na diski iwe kubwa: milimita 180 ao zaidi mbele, kuliko ile ya 160 inayokuja na kinga nyingi. Breki za kamba ni nzuri kwetu kuliko za mafuta, sababu kamba unaipata na fundi yeyote anaweza kuikaza. Plakete ziangaliwe kila juma. Na mwenye kinga ajifunze kubana na kuachilia, asining'inie kwenye breki kuanzia juu mpaka chini.

Kila mtu na mwendo wake

Baada ya breki, angalia wewe ni mtu wa kazi gani.

Wa kwanza ni yule wa kazini, kutoka Panzi ao Essence kwenda Nyawera na Nguba. Huyo habebi mengi. Anahitaji mpira usio mpana sana lakini mgumu, wenye upepo wa kutosha, taa yenye nguvu, na vifuniko vya matope, maana kuanzia Septemba mpaka Mei mvua haituachi. Waya zote zipitishwe zikitazama chini, ili maji yadondoke mbele ya kuingia kwenye kontrola. Mota ndogo ya wati 250 ndani ya gurudumu inamtosha kama anakubali kusaidia kwa miguu kwenye mlima.

Wa pili ni mwenye mzigo. Hapo ninawaza bamama wanaopandisha mifuko kutoka Beach Muhanzi mpaka soko la Kadutu, kamba kwenye paji la uso, mgongo umepinda. Kwa kazi ile, mota iliyo kwenye pedali ni bora kuliko iliyo ndani ya gurudumu, sababu inatumia gia za kinga. Mota ya gurudumu ikipanda polepole na mzigo inapata joto mpaka inaungua. Punguza meno ya pinyo ya mbele, kwa mfano kutoka 42 mpaka 34, na nyuma weka pinyo kubwa. Utaenda polepole, lakini utafika. Rayo ziwe nene, na mzigo ukae chini, katikati ya magurudumu mawili, usipandishwe mpaka kwenye mabega ya dereva. Na kama kazi ni ya mama mwenye kikwembe, mtafutie kadre isiyo na chuma cha juu. Njia za ngazi za Kadutu kinga haitazipanda, hilo tulikubali. Lakini barabara kubwa inawezekana.

Wa tatu ni wa mbali: Kavumu, Walungu, Nyangezi, na wale wanaoingia kwenye njia za migodi. Huyo anahitaji mpira mpana na upepo mdogo kidogo ili mawe yasimrushe, shambre mbili za akiba, na pompi. Kama mota yake iko ndani ya gurudumu, aongeze chuma cha kuishikilia kwenye kadre. Mota inaposukuma kwa nguvu, chuma cha kati kinataka kuzunguka, na siku kikizunguka kinapasua kadre na kukata waya. Chuma hicho fundi wa kusudiri anakitengeneza kwa saa moja.

Batri na nyumba zetu

Hapa ninaomba tusichezeane. Bukavu tunajua moto ukikamata nyumba moja ya mbao unaenda na avenyu nzima. Batri ya litiamu ikiharibika inawaka, na haizimiki kwa ndoo moja.

Batri nyingi za volti 36 zinajaa kwa volti 42, zile za 48 zinajaa kwa volti 54.6. Lakini kuko aina nyingine, ile ya chuma na fosfati, na chaja yake inatoa volti tofauti. Kuazima chaja ya jirani kwa sababu kichwa chake kinaingia ni kutafuta maombolezo. Usichanganye seli za zamani na mpya. Usifungue ile kadi ndogo inayolinda batri ili kupata nguvu zaidi. Usiiweke kwenye chaja usiku karibu na mlango, maana huo mlango njo mtakaotokea.

Na umeme wenyewe? Ruzizi inazungusha mitambo ya Ruzizi I na II hapa mlangoni petu, na bado delestaji tunaijua sote. Habari nzuri ni kwamba kujaza batri ya wati-saa 360 hakufikishi nusu ya kilowati-saa kwa kawaida, kiasi ambacho hata paneli za jua za kadiri zinaweza kutoa kwa siku. Umeme ukikatika, chomoa chaja; irudishe kisha umeme umetulia, maana ule unaorudi kwa hasira unaua vyombo.

Mawe yetu

Kuko jambo la mwisho. Aina moja ya batri, ile nyepesi, mara nyingi iko na kobalti ndani, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inachimbwa katika inchi yetu, kule Lualaba na Haut-Katanga. Ile ya chuma na fosfati haina kobalti. Ni nzito zaidi, lakini inadumu miaka mingi na haishiki moto upesi. Mtu ataniuliza: wewe wa sendika, utasifia batri isiyonunua jasho la mchimbaji? Ninajibu kwamba anayebeba mfuko kwenye mlima pia ni mfanyakazi, na usalama wake ni wa kwanza. Kwa mzigo mzito na nyumba ya mbao, ningechagua ile nzito.

Tena mawe yetu hayako kwenye batri tu. Shaba iko kwenye mota, na vipande vya kontrola vimeunganishwa kwa bati, madini yanayotoka kwenye kasiteriti, ile wanayochimba Nyabibwe kule Kalehe. Vinatoka hapa vikiwa mchanga, vinarudi vikiwa chombo kilichofungwa kwa gundi, na fundi wetu anaambiwa asikifungue. Hilo njo tusilikubali. Mbele ya kununua uliza maswali matatu: seli za batri zinabadilishwa? Kontrola inapatikana peke yake? Fundi wa hapa anaweza kuifungua? Kama jibu ni hapana, acha ibaki dukani.

Wandugu wa Goma walichonga chukudu kwa miti, wakaipa breki ya kipande cha mpira, wakaipima kwa mzigo wao na barabara yao. Leo iko na sanamu katikati ya mji. Kinga ya umeme nayo itakuwa ya kwetu siku fundi wa Kadutu atakapoipima kwa mlima wa Kadutu. Lakini aanze na breki.