Ndege Ndogo Inapotua Msituni

Mtaa wa Katindo, mjini Goma, hauko mbali na uwanja wa ndege. Kwa miaka mingi watoto wa huko walizoea ngurumo juu ya mabati ya nyumba zao: mara ndege kubwa ya mizigo, mara sauti nyembamba ya ndege ndogo. Januari 2025 vita viliingia mjini, na uwanja ukafungwa. Kabla ya hapo ndege ndogo zilikuwa zikiondoka Goma kwenda Walikale na mahali pengine ambapo magari hukwama katika matope siku nyingi. Kuondoka kulikuwa rahisi. Shida ilikuwa mwisho wa safari, wakati wa kushuka.

Kiwanja cha msituni ni kipande cha ardhi kilichofyekwa, chenye nyasi au changarawe, pengine meta 500 tu kwa urefu. Hapana mnara, hapana taa, hapana gari la kuzima moto. Tena mahali pengine hata kiwanja chenyewe hakipo. Huko Kilambo, karibu na Walikale, katika miaka ya 2000, ndege zilizochukua mawe ya kasiterite ya machimbo ya Bisie zilitua juu ya barabara ya lami. Magari yalingoja, ndege ikashuka, ikapakia magunia, ikaruka. Kisha magari yakaendelea na safari yao.

Kwa nini kutua ni kazi ngumu? Ndege haiwezi kushuka polepole kama kunguru juu ya paa. Ikipunguza mwendo mno, mabawa hayaibebi tena, nayo huanguka. Basi ndege ndogo ya propela moja hukaribia ardhi kwa mwendo wa kilometa 120 hivi kwa saa. Fanyeni hesabu. Saa moja ina sekunde 3,600; kwa hiyo kila sekunde ndege hupita meta 33. Rubani akikawia sekunde 3 tu kabla magurudumu hayajagusa chini, karibu meta 100 zimepotea bure. Kama kiwanja kina meta 500, amekwisha kupoteza sehemu moja ya tano.

Tena katika nchi ya milima kuna adui asiyeonekana. Goma iko meta 1,500 hivi juu ya bahari. Huko juu hewa ni nyepesi kuliko pwani, na jua likiwa kali huwa nyepesi zaidi. Hewa nyepesi hubeba vibaya. Kwa hiyo lazima ndege iende mbio zaidi ili ibebwe. Sindano ya mwendo haimwambii rubani neno hilo, kwa maana nayo hupima msukumo wa hewa ile ile. Na mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama huwa mara nne.

Upepo wa nyuma nao huisukuma ndege mbele. Ndiyo maana rubani hutazama moshi wa majiko kijijini ajue unavuma upande gani. Nyasi zikilowa, breki hazishiki. Shimo moja dogo laweza kuvunja gurudumu la mbele, na propela ikachimba ardhi.

Wako pia watu na wanyama. Kiwanja ni njia ya shambani, ni malisho ya mbuzi, ni uwanja wa mpira. Kwa hiyo rubani hupita kwanza chini chini bila kutua. Watoto wengi hudhani anawaamkia, wakakimbilia katikati ya kiwanja kumpungia mikono. Kumbe anawaambia waondoke!

Rubani hodari huchagua alama mapema, labda mti au jiwe kubwa kando ya kiwanja. Akifika hapo naye hajagusa chini, huongeza nguvu ya injini, akapanda tena juu na kuzunguka. Lakini viwanja vingine vimelala juu ya mteremko, na mbele yake ni mlima mtupu. Huko lazima akate shauri mapema zaidi, ndege ikiwa bado hewani. Ajali mbaya huanza rubani anapoona mambo hayaendi sawa, naye akajilazimisha kutua.

Hata ndege kubwa hushindwa njia ikiwa haitoshi. Tarehe 17 Januari 2002 mlima Nyiragongo ulitapika moto, na lava ikafunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege ya Goma. Tarehe 19 Novemba 2009 ndege ya abiria iliyotoka Kinshasa ilitua hapo, ikashindwa kusimama, ikaingia katika mawe ya lava ile. Watu waliumia, lakini hakuna aliyekufa. Huko Tanzania, katika kiwanja cha Kikoboga cha mbuga ya Mikumi, ndege moja ilipata ajali ikitua tarehe 28 Novemba 2023. Nyingine ilitumwa kuwachukua abiria, nayo ikapata ajali siku ile ile ilipotaka kuruka.

Basi asubuhi rubani huuliza kwa redio habari za kiwanja. Mlinzi hutembea toka mwanzo hata mwisho, hutupa mawe kando, hukanyaga udongo kwa kisigino. Kikizama, husema kweli: kiwanja kimelowa. Labda mama aliyeshindwa kuzaa amebebwa kwa machela tangu jana mpaka ukingoni, na kumwambia rubani asije ni neno zito kwa ndugu zake. Lakini ndege ikivunjika pale, haitamchukua mgonjwa yeyote, wala nyingine haitaweza kutua mpaka ile iondolewe. Basi humrudisha mama kivulini, wakangoja jua likaushe nyasi. Saa nane mlinzi hutembea tena kiwanjani, hukanyaga tena, akarudi kwenye redio.