Kutembeza Wageni: Je, Ni Kazi ya Kuachia Shamba?



Katika kila shamba na kila kiwanda yupo mtu mmoja ambaye Jumapili haonekani nyumbani. Wenzake wananyoosha miguu baada ya siku sita za jasho, yeye anaishika njia tena. Huko Cyanzarwe, sekta ya Wilaya ya Rubavu iliyo juu ya mji wa Gisenyi, mpakani na Kongo, mtu wa namna hiyo hakosi pa kwenda. Upande mmoja anautazama mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470 na moto tumboni. Akiteremka anafika Ziwa Kivu. Anajua mahali maji ya moto yanapobubujika huko Nyamyumba. Anajua saa ambayo wavuvi wanatoka na mitumbwi yao mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wakipiga makasia kwa nyimbo, wakiwafuata isambaza usiku.

Siku moja mgeni anamwomba amwongoze. Jioni mgeni anamtilia noti mkononi. Mwezi wa pili wanakuja wageni wawili. Basi usiku ule mfanyakazi wetu halali. Anajiuliza: kwa nini nisirudishe kikapu cha watu, nikafanya kila siku kazi hii niipendayo?

Swali hilo si la mzaha, wala hatutalicheka. Mtu ana haki ya kuipenda kazi yake. Lakini kupenda njia ni jambo moja, na kula kwa njia ni jambo jingine. Yafaa tulitazame pamoja.

NJIA IPO

Kwanza tuseme ukweli: kazi yenyewe ipo. Kutoka Rubavu inaanzia Njia ya Kongo–Nili, kilomita 227 kandokando ya Ziwa Kivu hadi Rusizi. Mwenye miguu huimaliza kwa siku kama kumi, mwenye baiskeli kwa siku kama tano. Inapita katika mashamba, vijiji na bandari za wavuvi. Wala wageni si Wazungu peke yao. Kampeni ya Tembera u Rwanda imewaita wananchi wenyewe waitembelee nchi yao.

Na mfanyakazi ana elimu ambayo haipatikani kwa kusoma vitabu tu. Ni nani awezaye kumweleza mgeni kwa nini yanachumwa majani mawili na kichipukizi, kama si yule ambaye vidole vyake vimefanya hivyo maelfu ya mara? Ni nani atakayemwambia kwamba isambaza hawakuwa wa ziwa hili, bali waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950? Jasho letu la kila siku ndilo mgeni analotaka kuliona. Kwa hiyo tusiione kazi ya kuongoza kuwa ya mabwana wa mjini. Ni kazi yetu pia.

HESABU YA MCHUMAJI

Lakini hesabu ni hesabu. Tumchukue mchumaji chai anayelipwa kwa kilo. Kilo zake hupimwa, huandikwa, na mwisho wa mwezi anaweza kudai. Noti ya mgeni haikupimwa wala haikuandikwa. Leo ni kubwa, kesho ni ndogo, keshokutwa haipo. Bakshishi si mshahara. Tena mara nyingi mgeni amekwisha lipa fedha nyingi kwa kampuni iliyomleta kutoka mbali. Anayebeba maji na kuonyesha njia huachiwa kile kilichobaki mfukoni.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Mwajiri anayefuata sheria humchangia mfanyakazi pensheni. Tangu Januari 2025 mchango huo nchini Rwanda ni asilimia 12 ya mshahara, nusu kutoka kwa mfanyakazi na nusu kutoka kwa mwajiri. Siku unapoaga kazi, nusu ile ya mwajiri inaaga pamoja nawe. Kuanzia hapo wewe ndiwe mfanyakazi na wewe ndiwe mwajiri. Usipojichangia, uzee utakukuta mikono mitupu. Mpango wa akiba wa EjoHeza, ulioanza mwaka 2018, uliwekwa hasa kwa watu wasio na mshahara wa kudumu. Mwongozaji anayetaja bei bila kuweka humo akiba ya uzee na bima ya afya anajipunja mwenyewe.

MWAKA MLANGO ULIPOFUNGWA

Jambo la tatu ni zito zaidi. Kazi ya wageni ni kazi inayokimbia ikisikia kishindo. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, mipaka ilifungwa na hifadhi zikafungwa. Chai iliendelea kumea na kuchumwa, lakini njia ya ziwani ilikuwa tupu. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulilipuka, na matetemeko yakapasua nyumba hata Rubavu. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na mafuriko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 nchini. Januari 2025 vita vya Goma vilifika mlangoni, na raia wa Rubavu wakauawa na makombora yaliyovuka mpaka.

Hatusemi haya kumtisha mtu. Tunasema ili ajue kwamba katika muda wa miaka mitano mlango umegongwa mara nne. Mwenye kuingia kazi hii na aingie akiwa na akiba ya miezi, si ya siku.

VYA KWETU

Je, hakuna waliofaulu? Wapo, na si mbali. Ukipanda basi Gisenyi, baada ya kilomita karibu 60 unafika Musanze, na juu yake Kinigi, lango la Hifadhi ya Taifa ya Volkano. Huko alifanya kazi mhifadhi aitwaye Edwin Sabuhoro. Mwaka 2004 alijifanya mnunuzi ili kumwokoa mtoto wa gorila mikononi mwa majangili. Baadaye hakuishia kufurahia kukamatwa kwao. Alizitembelea jamaa za majangili na kuuliza sababu. Jibu lilikuwa njaa. Alitoa akiba yake mwenyewe ili watu hao wakodi mashamba na kununua mbegu. Kisha akaanzisha nao kijiji cha kupokea wageni, Iby'iwacu, maana yake "vya kwetu". Waliokuwa wakitega nyaya msituni wakawa wanaonyesha ngoma, dawa za miti shamba na maisha ya kijijini, na wakala kwa kazi hiyo. Mwaka 2015 jina lake lilitangazwa duniani miongoni mwa Mashujaa wa CNN.

Tutazame lililofanya jambo hili lisimame. Hakwenda peke yake. Mapenzi ya mtu mmoja yaligeuka kuwa kazi siku yalipogeuka kuwa ya wengi. Serikali nayo ilikwisha kubali kwamba jirani wa hifadhi ana fungu lake: tangu 2005 asilimia 5 ya mapato ya hifadhi hurudi kwa wananchi, na mwaka 2017 ikapandishwa hadi 10.

KABLA YA KURUDISHA KIKAPU

Ndugu wa Cyanzarwe na kwingineko, mwenye nia na afanye haya:

1. Andika kila safari na kila faranga kwa mwaka mzima, si kwa mwezi mmoja mzuri.

2. Jua majira. Mvua huleta majani ya chai, kiangazi huleta wageni. Majira haya mawili yanapishana. Kwa hiyo mwombe mwakilishi wa chama chako azungumze na mwajiri juu ya likizo bila malipo wakati wa kiangazi, kabla hujaacha kazi moja kwa moja. Makubaliano hayo yaandikwe.

3. Tafuta leseni. Shughuli za utalii husimamiwa na Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, RDB. Asiye na karatasi hana pa kudai.

4. Msiwe mmoja mmoja. Waongozaji kumi wanaoshindana kushusha bei watalala njaa wote kumi. Waongozaji kumi wenye ushirika, bei moja na mfuko mmoja wa dharura wanaweza kuketi mezani na kampuni yoyote.

Tulipoingia mashambani hatukukuta mizani ya haki ikitungoja. Ilidaiwa. Njia ya ziwani nayo haina mizani bado. Anayeiacha chai kwa kuipenda njia hajaacha kuwa mfanyakazi, na wala asikiache chama. Apeleke huko alichojifunza hapa: kazi ipimwe, iandikwe, ilipwe.

Hapo ndipo safari ya Jumapili itakuwa chakula cha Jumatatu.